Ombi la Kuletewa Moto Mdogo, Mugutha

Wavinya Mulei,
Nyumba nambari 7, ploti ya geti la kijani,
Mugutha, Ruiru.

Kwa Afande Nakhumicha, mwalimu wa kuzuia moto, Kituo cha Zimamoto.

KUH: KUVULIWA CHEO, AU KULETEWA MOTO MDOGO

Afande mpendwa,

Pole na kazi, na pole pia kwa barua hii. Ningepiga ile namba uliyotuachia, lakini simu yangu ikipokelewa huwa ninaikata.

Mimi ni yule msichana uliyemteua kuwa mlinzi wa moto wa ploti yetu ulipokuja kutufundisha. Uliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikanyamaza, ukasema kunyamaza ni kukubali. Afande, mimi hunyamaza kila siku. Nimemaliza kidato cha nne na kuna walimu ambao hawakuwahi kuisikia sauti yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema kazi ya kwanza ya mlinzi ni kupiga kelele. Siku ya zoezi niligonga kwa Mama Kitonga nikasema, "Moto." Alidhani nimekuja kuomba moto wa kuwashia jiko. Akanipa kiberiti na kuniambia nimsalimie Susu, nyanya yangu. Nikashukuru. Nilipomaliza milango yote nilikuwa na viberiti vinne.

2. Lile blanketi la moto, la kufunikia sufuria au karai likishika moto, ulisema likae karibu na jikoni. Susu alisikia "blanketi la moto" akajua ni la kuleta joto. Analala nalo. Analalamika kwamba linawasha mwili lakini halina moto wowote. Kulirudisha hataki.

3. Mafunzo yako yote nimeyapeleka kwa majirani: mitungi ya gesi ikae nje, pasi na hita visichomekwe kwenye ekstensheni moja, pikipiki zisizibe geti. Niliyaandika kwenye vikaratasi nikavisukuma chini ya milango. Jared wa bodaboda alidhani ni notisi ya landilodi, akahamia kwa dada yake Thika siku tatu.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu uje, hakujawaka kitu. Sasa Jared ananiuliza mbele ya watu, "Mlinzi, huo moto wako uko wapi?" Anayezima moto hupigiwa makofi, lakini anayeuzuia huonekana msumbufu tu. Kazi yetu ikifaulu, hakuna cha kuonyesha. Isipofaulu, hakuna wa kuonyeshwa.

Kwa hivyo naomba moja kati ya mawili. Univue cheo umpe mwenye sauti, kwa mfano Mama Kitonga, ambaye akimwita mtoto wake huitikiwa hadi stesheni ya Ruiru. Au mtuletee moto mdogo wa ofisi, wenye muhuri, uwake dakika tano hapo uani mchana, watu wauone, kisha mrudi nao.

Sifanyi mzaha. Naogopa kwamba siku moto wa kweli utakapofika, watu wa nyumba ishirini na mbili watanipa viberiti.

Wasalimie maafande wote, na dereva aliyetuonyesha king'ora. Susu anakusalimu, na anauliza kama kuna blanketi kubwa zaidi.

Ni mimi, kwa sauti ya chini,
Wavinya Mulei.

N.B. Tafadhali msilete ule moto. Nilikuwa natafuta bahasha, mafuta ya mandazi ya Mama Kitonga yaliposhika moto. Yeye, mwenye sauti, aliganda mbele ya karai bila neno. Nikapiga kelele. Jared anasema alinisikia akiwa barabarani, akaja kuondoa pikipiki getini bila kuambiwa. Susu alitoka na blanketi mabegani. Nikamvua, nikazima gesi, nikafunika karai. Hakuna aliyeungua. Susu anasema sasa blanketi limepata moto, na amerudi nalo kitandani.

Cheo usimpe mtu mwingine. Safari hii ningekupigia simu, lakini sauti imeisha.