Lengelenge la Kumwita Hajira

Jumatatu, 9 Juni 2025
Rehani, andika, cherehani itasubiri. Andika kama nisemavyo, usininyooshee maneno. Idi imepita, Hajira hakuja. Mwanangu wa pekee, hapo Korogwe tu. Kanitumia viatu kwa basi, na kondakta ndiye kanipa mkono wa Idi. Mkono wa kondakta. Viatu vyeusi, vizuri, vinabana. Nimevivaa bila soksi mpaka gulioni Mkata, jirani yangu Mwanaisha avione. Huyo watoto wake wanakuja hata kama hakuna sikukuu. Nimerudi na lengelenge kisiginoni, kubwa kama yai la kwale. Mwanaisha kacheka, eti viatu vya mjini vina wenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Binti aliyeolewa humtoi kwa mumewe bure bure. Anaitwa kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa. Msiba sina, harusi sina. Lengelenge ninalo. Nikampigia, nikasema nina lengelenge, mguu umevimba, sitembei. Nilitaka aseme nakuja. Akasema mama, usilitumbue, ile ngozi ya juu ndiyo inazuia uchafu. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika na kitambaa safi. Ukiona usaha au wekundu unaosambaa, nenda zahanati. Sauti yake asubuhi kama ya mwenye mafua. Tangu mdogo yuko hivyo, anadai uji hajafumbua macho. Uji wa muhogo, wa mahindi alikuwa anatema. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa anaumeza ule wa kutemwa ili usipotee. Nilikuwa nasema nini?

Jumatano, 11 Juni
Hajira kapiga tena. Anakuja Jumamosi. Nikakaa chini kabisa, chini kwenye udongo. Ila Mwanaisha naye kaja na beseni, sabuni na kipande cha khanga kilichochemshwa. Kaniosha mguu, kaufunga. Nikamwambia liache. Akasema likioza nani atanisaidia kupukuchua mahindi. Roho mbaya hiyo. Na viatu kaondoka navyo, eti nivipumzishe.

Ijumaa, 13 Juni
Lengelenge limenywea. Haliumi hata nikilibonyeza. Na Hajira anakuja kesho. Nikaenda kwa Mwanaisha, nikachukua viatu vyangu, nikatembea mpaka kisimani na kurudi, nikatembea tena. Wapi. Kavijaza magazeti yaliyolowana mpaka vimetanuka, na kisigino kwa ndani kakipaka mafuta ya mgando. Laini kama kitanda cha bwana harusi. Nikamwuliza nani kakutuma. Akasema asante huwa inasemwa hivyo kwenu?

Jumapili, 15 Juni
Hajira kaja jana, kaondoka leo. Nilijifunga kitambaa, nikachechemea. Akakifungua, hakuna kitu. Akauliza mguu upi, mama. Nikasema limehamia huu mwingine. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakikunja kile kitambaa. Akasema Idi wageni wa mama mkwe walijaa nyumba, akavifunga viatu vyangu huku analia. Nilipomwambia habari ya mguu, akashukuru, maana kapata la kumwambia mumewe. Mungu amsamehe, kasema hivyo. Tukalala kitanda kimoja, akaniwekea miguu yake ya baridi. Asubuhi nikampikia uji, akamaliza sufuria. Kituoni akaniambia mama, siku nyingine sema tu umenikumbuka. Nitakuja. Nikasema sawa.

Alhamisi, 19 Juni
Nyumba kubwa sana hii. Nilishika simu niseme lile neno. Sasa mtu mzima unalianzaje? Unampigia mtu na mumewe amekaa pale, unasema nimekukumbuka, halafu? Nikakata.
Mashine ya kusaga iko mlango wa pili, lakini nimeazima kinu cha jirani mwingine, Hamisa. Natwanga mahindi tangu asubuhi. Kuku wote wa mtaa wanayo furaha. Kiganja cha kulia kimeanza kuwaka, chini ya kidole cha shahada kuna kitu kinainuka. Rehani, usimwambie Mwanaisha.