Ndoo Kumi na Mbili za Madamu

Siku ya tatu mfululizo Bwana Fomu alipouona mkokoteni uleule ukipita na ndoo zilezile, aliweka kikombe chini. Ndoo kumi na mbili za buluu, kila moja na koki yake ya kunawia mikono. Juzi zilishushwa kwenye shule ya ghorofa. Jana, shule ya geti jekundu. Leo zinarudi kwa Madamu, mwenye shule binafsi kubwa kuliko zote mtaani, na kila ziliposhushwa, haikupita nusu saa mkaguzi wa afya akaingia hapohapo na faili lake.

"Kumbe!" alisema Bwana Fomu, akamalizia chai kwa mpigo.

Shule zilikuwa zimefungwa miezi saba kwa ajili ya ugonjwa. Sasa serikali imetangaza zifunguliwe Jumatatu, ila shule isiyo na ndoo za kunawia na kipimajoto getini isithubutu hata kupiga kengele. Basi wenye shule, watu wazima wenye miwani na vyeti ukutani, wakatafuta njia ya kuwalinda watoto wetu. Njia yenyewe ni Madamu kununua ndoo kumi na mbili na kuwakodisha wenzake kwa saa. Shule tatu zikapata vyeti vitatu kwa ndoo zilezile, na mkaguzi, maskini, akaandika kwamba mtaa huu unaongoza kwa usafi.

Sasa huyu Bwana Fomu hakuwa mwizi wa kuvunja mlango. Mlango una makufuli na mbwa. Yeye aliiba kwa karatasi. Aligundua zamani kwamba mtu atakayemkimbiza mwizi wa kuku mitaa minne, ukimpa fomu yenye visanduku atauliza tu: "Nijaze kwa kalamu ya rangi gani?" Na hakuna mtu anayesoma fomu. Hilo ndilo lililomweka mjini.

Ila lilimwondolea mke. Mwezi wa pili wa kufungwa shule, mkewe alichukua watoto watatu akaenda kwa mama yake, mpishi wa shule ya serikali. Kutoka huko mama mkwe akatuma maneno: "Mwambieni aje kuwachukua siku atakayokuwa na kazi inayoonekana kwa macho."

Bwana Fomu akapiga hesabu. Ndoo za koki siku hizi zinagombewa sokoni kama sukari ya magendo. Auze zote, afungue kibanda cha barakoa na sabuni, aning'inize na kibao. Kama kibanda nacho hakionekani, basi mama mkwe akapimwe macho.

Asubuhi ya Ijumaa akavaa shati jeupe, tai na barakoa, akaingia ofisini kwa Madamu.

"Habari za kazi, Madamu. Natoka kitengo cha namba."

"Kitengo gani tena? Mimi nimeshakaguliwa!"

"Ndiyo sababu nimekuja kistaarabu." Akafunga mlango taratibu, akashusha sauti. "Wakubwa wamesikia kuna ndoo zinatembea. Jumatatu kila ndoo itatazamwa namba. Ikionekana ndoo moja shule mbili..." Akaishia hapo. Aliwaachia watu wenyewe wajitishe. Wanajua zaidi wanachokiogopa.

Madamu akajipepea kwa cheti chake kipya. "Namba zinapatikana wapi, baba?"

"Kwangu. Leo nazichukua, kesho narudisha zimepakwa rangi rasmi. Na ndoo yenye namba, Madamu, inaruhusu watoto mia moja."

"Mia? Kila ndoo?"

"Kila ndoo."

Madamu alikuwa na watoto mia nne katika madarasa manane, na walikuwa wamebanana tayari kama viberiti. Midomo yake ikawa inazidisha kimyakimya. Ilipofika elfu moja na mia mbili, ikatabasamu.

"Na umbali kati ya madawati?"

"Umbali ni moyoni, Madamu."

"Umesema kweli! Lete fomu."

Akasaini bila kusoma hata mstari. Akaongeza na katoni mbili za sabuni na kipimajoto, vikapigwe namba navyo, asije akasumbuliwa.

Mchana mkokoteni ukatoka getini na mzigo wote, mwenye mkokoteni akivuta, Bwana Fomu akitembea pembeni mikono nyuma kama msimamizi wa msiba. Walikuwa wamebakiza kona moja tu wafike sokoni, mwanamke akajitokeza katikati ya njia. Koti jeupe mpaka magotini, barakoa mbili moja juu ya nyingine, miwani myeusi, faili kwapani.

"Simama hapo! Mkaguzi wa wakaguzi."

Bwana Fomu, aliyebuni vitengo vingi maishani, hakuwahi kukisikia hiki. Akatoa fomu yake. Mwanamke akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii mbona haina muhuri wa safari?"

"Muhuri uko njiani, mheshimiwa."

"Njiani ni hapa, na siuoni. Vifaa vya kinga vikikamatwa bila shule, vinataifishwa. Aliyevibeba anaingia karantini siku kumi na nne. Vinakwenda shule gani?"

Hakuweza kusema kwa Madamu. Atarudishwa kwa Madamu. Macho yakamzunguka, yakaangukia ukuta uliobanduka rangi ng'ambo ya barabara.

"Ile pale. Ya serikali."

"Ile iliyokataliwa kufunguliwa kwa kukosa hata ndoo moja?"

"Hiyohiyo. Nimeionea huruma."

"Unawapa bure?"

"Bure, mheshimiwa." Neno hilo lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"Una watoto pale?"

"Watatu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa hadanganyi. Akakumbuka kwamba Jumatatu hao watatu wangebaki nyumbani. Akajisikia vibaya kidogo, kisha akajizuia.

"Safi. Saini hapa."

Mwanamke alikuwa ameandika mistari kadhaa kwenye karatasi. Bwana Fomu, shingo imelowa jasho, akasaini haraka aondokane na balaa. Kisha akashusha ndoo zote kumi na mbili, sabuni na kipimajoto kwa mikono yake, walimu wakimpigia makofi getini. Mwalimu mkuu alitokwa na machozi.

Ndipo yule mwanamke akavua miwani, akashusha barakoa ya kwanza, akashusha na ya pili.

"Shi-shikamoo, mama," Bwana Fomu akamwamkia mama mkwe wake.

"Marahaba, mwanangu. Koti ni la jikoni, usiliangalie hivyo."

Sauti hakuitambua kwa sababu tangu aoe, neno pekee alilowahi kulisikia kwa mama huyu ni hilo la marahaba. Akamgeukia mwenye mkokoteni, ambaye alikuwa anachunguza gurudumu lisilo na tatizo lolote.

"Kaka, mama ni mteja wangu wa maji," alijitetea. "Ulisema tunakwenda sokoni na ndoo za shule. Nimfiche vipi?"

Kabla hajajibiwa, Madamu akafika anahema, wigi imekaa upande. Kuna mtu aliziona ndoo zake njiani akamwambia.

"Ndoo zangu hizo! Mwizi huyo! Mwiteni polisi!"

"Aitwe," mama mkwe akasema kwa upole. "Na mkaguzi naye aitwe, aje atuambie ni ndoo za shule ipi. Maana ndoo hizi zina vyeti vya shule tatu."

Madamu akarekebisha wigi.

"Nilikuja... kuwapongeza," akasema, akaondoka kwa hatua fupifupi, akanunue ndoo nyingine, safari hii za kukaa mahali pamoja.

Bwana Fomu naye akataka kuaga. Mama mkwe akamshika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi? Hukusoma ulichosaini?"

Akaisoma ile karatasi. Kwa mwandiko wa mpishi, mkubwa na ulionyooka, alikuwa ameahidi kuzijaza maji ndoo zote kumi na mbili, asubuhi na mchana, kila siku ya shule, mpaka ugonjwa utakapotangazwa kwisha. Mashahidi: walimu sita.

"Kazi hiyo," mama mkwe akasema, "naiona vizuri kabisa kutoka dirisha la jiko. Mkeo aje na watoto kwako Jumapili jioni."

Basi wakarudi. Na tangu Jumatatu ile, mtaa mzima hakuna anayesikiliza taarifa ya habari kwa makini kama Bwana Fomu. Hukaa karibu na redio, mabega yanamuuma, mkewe akimkanda kwa maji ya moto. Jana msomaji alisafisha koo, akasema wataalamu wametoa tangazo kuhusu ugonjwa. Bwana Fomu akasimama wima.

"Wimbi la pili," msomaji akasema, "limeanza."