Asilimia Tatu za Duka la Rangi

Jumatatu, 4 Mei
Kila mteja akilipa kwa kadi, benki inanikata asilimia tatu. Wizi wa mchana! Nimebandika tangazo mlangoni: ANAYELIPA KWA KADI AONGEZE ASILIMIA TATU. Mke wangu kasema linafanana na onyo la mbwa mkali. Nimemjibu kwamba ukweli hauhitaji tabasamu.

Jumanne, 5 Mei
Mkandarasi kaja kununua makopo arobaini ya rangi ya shule. Bila yeye, kodi ya duka ya mwezi huu siipati. Kasoma tangazo, kauliza tangu lini nimeanza kutoza kiingilio. Nikamweleza kwa robo saa jinsi benki zinavyotunyonya. Akavuka barabara, kuulizia bei kwa Kipara, mshindani wangu. Hata kuaga hakuaga!

Jumatano, 6 Mei
Nimepeleleza. Kipara kapandisha bei zote kwa asilimia tatu, kisha kaandika: LIPA TASLIMU, UPATE PUNGUZO! Hesabu ni ileile! Na watu wanamshukuru! Nimewasimamisha wawili barabarani, nikawapigia hesabu kiganjani. Mmoja kaniambia, mzee wangu, tuachie punguzo letu.

Alhamisi, 7 Mei
Nami nimetoa punguzo kwa taslimu. Asilimia tano, Kipara apasuke! Kupandisha bei kwanza sikuweza: nilizichora ukutani mwaka jana kwa rangi ya mafuta, mtaa mzima uone kwamba mimi si kigeugeu. Mke wangu kauliza faida yetu kwa kopo ni asilimia ngapi. Nne, nikasema. Akaenda kuanua nguo.
Mkandarasi karudi! Kachukua yote arobaini, kaniita kaka mkubwa.

Ijumaa, 8 Mei
Duka tupu. Kila kopo limetoka kwa hasara. Nimepeleka noti benki ndani ya mfuko wa saruji. Karani kasema kwa upole kwamba fedha taslimu zikiwa nyingi hivi, kuzihesabu kuna ada. Asilimia mbili! Kodi haijatimia. Mwenye jengo kanipa hadi Jumatatu: nilipe au nihame.

Jumamosi, 9 Mei
Mke wangu kashauri tupake ukuta upya, tuandike bei moja kwa wote, tunyamaze. Mawazo ya woga! Mchawi nimeshamjua: ni taslimu. Tano nilizowapunguzia, mbili za benki. Tangazo jipya liko tayari: ANAYELIPA TASLIMU AONGEZE ASILIMIA SABA. Nimeandika nakala mbili. Moja nitampelekea Kipara, ajifunze biashara.