Pumzi ya Mstaarabu

Jumatatu, 4 Machi

Naomba radhi kwa mwandiko huu. Mkono mmoja uko puani. Binti yangu ametoa tamko: Ijumaa muuguzi atanipima pumzi kwa kibomba cha kupuliza, na nikishindwa nitahamia kwake, nyumba hii ifungwe. Ifungwe! Na kiti cha marehemu mke wangu, pale dirishani, kikae na nani? Lakini nimepata hila. Jirani yangu Fundi Saa, mstaafu asiye na saa hata moja inayotembea, anafanya yoga. Unaziba tundu moja la pua, unavuta pumzi kwa jingine, unabana, unabadilisha. Adai kifua chake sasa ni mvukuto wa mhunzi. Majivuno! Nilimshukuru mara mbili. Nimekieleza kiti mpango wote.

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza, sebuleni kwa Fundi Saa. Akaniamuru nitoe pumzi kwa nguvu. Mkewe alikuwa ameketi mbele yangu, anamenya viazi. Nikageukia ukuta, nikasema samahani mama, ndipo nikatoa. Pumzi yenyewe ilikwisha kwenda zake. Misheni tulifundishwa: mstaarabu hampumulii mtu usoni. Fundi Saa akacheka hadi meno ya bandia yakalegea. Akaniuliza, "Mzee Samahani, hata kaburini utabisha hodi?" Sikujibu. Nilikuwa nimebana pumzi.

Mkewe akanisihi nibaki kula. Nikasema nimeshiba. Si kweli. Sikuweza kuwatazama watu wawili wakigombania chumvi.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi nyumbani, mbele ya kiti. Nilipobana pumzi, kimya kikajaa chumba. Nikamsikia mke wangu akikohoa jikoni! Nikafumbua macho. Ni bomba, linadondosha maji. Nililia kidogo. Kilio kikaziba matundu yote mawili, zoezi likaahirishwa.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kuwashia tanuri. Muuguzi, binti mpole, akainama kunishikia kibomba, uso wake shubiri moja na wangu. Ningefanyaje? Niligeuka, nikamwomba radhi, nikaipulizia kalenda ya ukutani. Ikapeperuka hadi Agosti. Kilichosalia nikakitia kibombani kwa adabu. Mshale wa kipimo haukutikisika.

Binti yangu akanishika mkono. Akasema, "Baba, si kifua kinachonitisha. Ni huko kuzungumza na kiti. Twende nyumbani kwangu. Nacho tutakibeba." Macho yake yalikuwa na maji. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba suala lililo mezani ni pumzi.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani kwa binti yangu. Kiti kipo. Dirisha si lile. Mke wangu hakupata kutazama nje kupitia hili.

Nimetafakari na kosa nimeliona: nilianza na tundu la kulia. Nimeomba kupimwa tena, nirudi kwangu. Muuguzi nimemtumia salamu za kumwomba radhi mapema, na kumhakikishia kuwa safari hii nitageuka upesi zaidi.

Nimeshauriana na kiti. Hakikupinga.