Ombi la Kulindiwa Rangi ya Gari ya Marehemu Mbaruk

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
Septemba, 2005

Kwa Bwana Sheha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia badala ya kuja mwenyewe kwa sababu nimo edani tangu mume wangu Mbaruk alipofariki mwezi wa Juni, na mwenye eda hatoki akaenda kushitaki watu ofisini. Ningeweza kuwashitaki dirishani, lakini sauti yangu haifiki barazani, na nikiinyanyua nitaonekana sina adabu. Kwa hiyo nimesema bismillahi nikachukua kalamu. Bi Kazija, jirani yangu, atakuletea barua hii akienda sokoni.

Gari yenyewe unaijua. Ni ile ya spoti, nyekundu, ya milango miwili, iliyo chini hata mtu akitaka kuingia lazima kwanza ainame kama anayerukuu. Ipo mbele ya nyumba yetu, kando ya baraza. Pengine hujui ilivyopatikana. Mbaruk alikuwa fundi wa rangi Maskati. Aliikuta imegongwa na kutupwa nyuma ya gereji ya tajiri wake, akapewa kama mtu anavyopewa paka. Akainyoosha, akaipaka mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka akilisugua kwa msasa wa maji mpaka mkono upite bila kusikia kitu. Rangi aliichanganya kwa macho yake. Alinambia ni nyekundu ya shokishoki, kwa sababu siku aliyokuja kwetu kuposa nilikuwa nyuma ya nyumba nakula shokishoki, akaniona kabla sijaonyeshwa.

Injini ilikuwa ya watu, viti vya watu, na honi ilitoka kwenye lori. Rangi tu ndiyo yake. Mtu akiiharibu injini, basi amewakosea waliotengeneza gari. Akiiharibu rangi, amemkosea Mbaruk.

Alipokuwa hai aliiosha kwa maji ya mvua tu, maana ya kisima huacha madoa meupe, akaifuta kwa kanga yangu iliyochakaa, maana kanga mpya ina ukali. Mimi nikipita kandoni mwa gari nilikuwa navua bangili. Asubuhi ya siku aliyofariki aliipiga polishi mpaka ikang'aa, akaoga, akalala kidogo kusubiri adhana, na hakuamka. Polishi hiyo ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo niliamua gari nayo ikae eda. Mimi sijipaki manukato, nayo haipigwi polishi. Mimi sivai cha kung'aa, nayo nimeivisha turubai la nailoni, la buluu, nikaagiza lifungwe kamba kotekote. Nilimwuliza shehe mmoja, kwa ulimi wa Bi Kazija, kama gari huwekwa eda. Akajibu kwamba jambo hilo hajaliona kitabuni. Nikafahamu kuwa hajalikataza.

Baada ya maelezo hayo, naomba niyataje malalamiko yangu kwa mpango.

1. Karafuu. Msimu huu umekuwa mzuri, sote tunashukuru, na mikeka haikutosha. Majirani wakagundua kwamba karafuu zikianikwa juu ya turubai langu hukauka upesi kuliko chini. Niliamka siku moja nikaona paa zima limejaa, na Bi Moza anazigeuza kwa mkono. Nikamwambia dirishani, "Bi Moza, hiyo ni gari." Akanijibu, "Najua, mwanangu, ndiyo maana nazigeuza taratibu." Mafuta ya karafuu yanakula rangi, hilo Mbaruk alilisema. Naomba itangazwe kwamba gari si mkeka.

2. Mbuzi wa Mzee Nyange. Siku za mwanzo, kabla sijapata turubai, beberu lake lilipita mlangoni mwa gari likajiona. Kwa kuwa rangi ilikuwa safi mno, lilidhani ni beberu jingine, tena lenye kiburi, likalipiga pembe. Pana kibonyeo hapo mpaka leo. Simlaumu mnyama, maana hajapata kuishi na mtu anayepiga polishi. Naomba wafugaji wote wa shehia wawaonyeshe mbuzi wao kioo wakiwa bado wadogo, ili wajizoee.

3. Vijana wa Ijumaa. Kila Ijumaa, wakielekea msikitini, hufunua pembe ya turubai ili wajitazame kwenye kioo cha pembeni. Wiki iliyopita mmoja alichana ndevu ambazo bado hazijaota. Sina ubaya na watu kwenda kwa Mola wao wakiwa nadhifu. Lakini vifungo vya kanzu vinakwaruza. Naomba Imamu awakumbushe kwamba Mwenyezi Mungu hutazama nyoyo, na kwamba nyoyo hazihitaji kioo cha gari.

4. Vyama. Uchaguzi unakaribia, na rangi ya gari imeingizwa kwenye kampeni bila ya kuulizwa. Niliwasikia wakibishana nje.

"Gari hii yetu siye. Rangi haidanganyi."

"Yenu vipi? Mbaruk mie sikumwona na kofia ya chama hata siku moja."

"Ndiyo ujue alikuwa anaficha."

Mzee Nyange akawakatiza, "Rangi ya shokishoki hiyo, nyie. Kamuulizeni mkewe." Hakuna aliyekuja kuniuliza. Badala yake walifunua turubai, wakabandika picha ya mgombea kwenye mlango wa gari kwa uji wa unga wa ngano. Wenzao wakaja wakaibandua kwa kucha, wakabandika wao. Mgombea wa kwanza alikuwa na masharubu, na masharubu hayo yamebaki mlangoni. Tena upande mmoja umeniletea ujumbe kwamba nipake rangi nyingine, japo mlango mmoja, ili kuleta usawa. Bwana Sheha, nchi hii imewahi kufikia muafaka juu ya mambo makubwa kuliko mlango wa gari. Naomba vyama viitwe, vikae, vitie saini kwamba gari yangu haigombei.

5. Popo. Wanakula matunda ya watu wengine, wakapita juu ya nyumba yangu, na hapo ndipo wanapokumbuka haja zao. Najua popo wetu wa Pemba wanalindwa, na wageni huja kutoka mbali kuwatazama. Sidai waondolewe. Nauliza tu, kwa moyo safi, ikiwa anayechafua amewekewa ulinzi, kinachochafuliwa kimekosa nini? Naomba rangi ya Mbaruk iingizwe kwenye ulinzi huo huo, na wageni wakija kutazama popo, waletwe na kwangu pia.

6. Jua. Kwa kuwa jua lenyewe haliwezi kuandikiwa barua, nalielekeza lalamiko hili kwa kamati ya msikiti. Msikiti wetu hauna mnara. Ungejengwa mnara wa kiasi upande wa machweo, kivuli chake baada ya alasiri kingeangukia boneti. Wanakamati wanasema mnara ni wa adhana. Mimi sisemi usiadhiniwe. Nasema kivuli kitakuwepo tu, na ni dhambi kukiacha kianguke bure kwenye mgomba.

7. Watu. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Kila alasiri wanaume huja barazani kwangu kunywa kahawa. Walianza siku za matanga, na matanga yalipoanuliwa wao hawakuanuka. Baraza ni fupi, kwa hiyo waliokosa nafasi huegemea gari. Turubai halikufika vizuri upande ule wa mbele, na wao wanalisukuma juu kwa migongo, mpaka madigadi ya upande wa baraza, lile bati la juu ya gurudumu, inabaki wazi kutwa. Wanaweka vikombe. Wanapigapiga kwa viganja wakizungumza. Kisha wanamzungumza yeye.

Mara hadithi ya siku aliyoipeleka gari Gombani kwenye mpira, tumbo la gari likakwama kwenye tuta, watu wakaacha mechi wakaja kutazama. Mara namna alivyokataa kumpakia shemeji yake mpaka avue viatu. "Tena avikung'ute!" anaongeza mmoja. Wanacheka. Mmoja huanza kumwigiza Mbaruk anavyozunguka gari na tochi kutafuta mkwaruzo, na wengine wanamsahihisha kwamba hakuwa anainama hivyo. Mimi ndani nasikia kila neno, na wanayosema ni kweli, hakuwa anainama hivyo.

Lakini kila anayeigusa anaondoka na kidogo. Mkono wa mwisho kupita juu ya rangi ile ulikuwa wake, Bwana Sheha. Sasa imepita mikono ya Wawi nzima, na juzi alikuja mtu wa Msuka, simjui, akaweka kiganja akasema, "Kumbe ndiyo hii." Ndiyo hii, naam, na kwa mwendo huu haitakuwa hii.

Kwa hiyo naomba amri zifuatazo. Kahawa ihamie kwa Mzee Nyange, ambaye ana baraza refu na hana gari. Anayetaka kunipa pole aipeleke kwa Bi Kazija, naye atanifikishia. Anayetaka kumkumbuka Mbaruk amkumbuke akiwa kwake. Na turubai livutwe, lifungwe upya mpaka chini pande zote, lisifunuliwe na mtu, pasipite hata upepo, mpaka nitakapotoka eda na kulifungua kwa mkono wangu.

Najua shehia ina mambo mengi kuliko langu, na wewe ni mtu mmoja. Ukipata nafasi kati ya uchaguzi na karafuu, nitashukuru. Mwenyezi Mungu akupe subira na sisi. Nisalimie mama watoto, na Imamu, na wanakamati wote pamoja na yule asiyependa minara. Nisalimie vijana wa vyama vyote viwili, kila upande kwa wakati wake. Mzee Nyange mpe salamu zangu, na beberu lake pia, maana sina kinyongo.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Umkulthum, mjane wa Mbaruk,
nyumba yenye turubai la buluu.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha alipokuja Zubeir, fundi wa rangi wa mjini, aliyekuwa rafiki wa marehemu, kunipa pole. Nikamwomba kwa nyuma ya mlango aitazame ile alama ya masharubu. Nikamsikia anafungua kamba, anavuta turubai. Kisha akauliza, "Bi Umkulthum, nani kakwambia uifunge nailoni juani?" Nikamjibu kwamba imo edani pamoja nami. Hakucheka. Akasema, "Umeipika, dada yangu. Gari inataka hewa." Nikachungulia dirishani. Rangi ya boneti, ya paa na ya milango yote miwili imevimba malengelenge, na mahali pengi imetoka na turubai, kama utando wa maziwa unavyotoka na kijiko. Masharubu yametoka nayo.

Kimesalia kipande kimoja tu, ile madigadi ya upande wa baraza, pale wanapoegemea. Zubeir anasema pale pazima, pamesuguliwa kwa kanzu za watu mpaka ameyaona meno yake.

Sina bahasha nyingine, kwa hiyo haya nayaandika juu ya hii hii, na barua naituma kama ilivyo. Lalamiko la kwanza mpaka la sita yatazame utakavyoona. La saba naomba ulifute. Na ukikutana nao, waambie Bi Kazija atatia kahawa alasiri, turubai nimelitoa, wasibanane tena upande mmoja.