Jinsi Winchi ya Mfaransa Ilivyopigiwa Kura

Sogeeni, enyi mliokaa mbali, nanyi mnaosinzia amkeni. Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana habari hii haitaki kukatizwa. Wengine na wasimulie majemadari waliovunja ngome na kuteka miji. Hapa atasimuliwa Mwinshehe bin Salimu, simba wa stesheni ya Kilosa, mpakuzi mstaafu wa mabehewa, mhitimu wa masomo ya jioni, aliyekabiliana na maneno ishirini na matatu ya Kifaransa akayahamishia yote kwenye Kiingereza, ilhali lugha ya kwanza haijui na ya pili anaijua nusu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Katika kijiji kipya cha ujamaa, kwenye njia iendayo Lumuma, injini ya mashine ya kusaga ilikuwa imelala matopeni, nzito mithili ya kifaru aliyeshiba, hatua tatu tu kutoka kwenye msingi wake wa saruji. Wanaume kumi na wawili waliwahi kuishambulia kwa magogo na kamba. Ilisogea upana wa kiganja, ikamponda Filipo kidole cha mguu, ikalala tena. Wanawake wakaendelea kubeba mahindi kichwani hadi Kilosa, kwenda alfajiri, kurudi magharibi.

Ndipo ikashuka kwenye treni zawadi ya marafiki wa Ufaransa: winchi ya mnyororo, mashine ya kuinulia mizigo, vipande vipande ndani ya sanduku, pamoja na kitabu chake. Kijiji kikapiga vigelegele. Lakini nyuma ya sanduku ikaja barua. Mkaguzi wa mitambo angefika Alhamisi na fomu yake, na fomu ile, urithi wa wakoloni, ilidai jina la kila kipande kwa Kiingereza. Likikosekana jina hata moja, winchi itarudi stoo Morogoro.

Mwenyekiti Cleopa akaita mkutano, akauliza kwa sauti ya baragumu, "Ndugu wananchi, nani kati yetu anajua Kifaransa?"

Macho yote yakamgeukia Mwinshehe. Na kwa nini yasimgeukie? Kwa miaka thelathini alikuwa amewasimulia jinsi alivyopigana Madagaska wakati wa vita vya Hitla, na jinsi alivyozungumza na maofisa wa Kifaransa uso kwa uso. Jambo ambalo hakuwahi kulisimulia ni kwamba mazungumzo yale yalikuwa na maneno matatu: mkate, maji, na tusi moja.

Mwinshehe akasimama, akakaza mkanda wa suruali kama afungaye upanga. "Ndugu Mwenyekiti," akanguruma, "kileteni hicho kitabu, nami nitakinyoosha!"

"Vema," akasema Cleopa. "Lakini hapa ni kijiji cha ujamaa, maamuzi ni ya watu. Kila neno litapigiwa kura."

Hivyo watu themanini na sita, wasiojua Kifaransa wala Kiingereza, wakaketi kwenye nyasi kuamua mzozo wa mataifa mawili ya Ulaya.

Vita vikaanza vizuri. Kitabu kilikuwa na mchoro, na kila kipande kwenye mchoro kilikuwa na namba. Mwinshehe hakuwa na haja ya kumwelewa Mfaransa. Alikitazama kipande, akakumbuka jina ambalo mabwana wa reli walikuwa wakilipigia kelele.

"Namba moja! Mfaransa anasema *crochet*. Hii ni kulabu, na Mwingereza huiita *hook*!"

Mikono themanini na mitano ikapanda. Yeremia peke yake, aliyekuwa akipinga kila kitu tangu uhuru, akapinga. Mnyororo ukapita. Puli ikapita. Hata ekseli ikapita, ingawa kwa jasho.

Breki ikakwama.

"Napinga!" akasema Paulina, kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwanamke aliyesomeshwa na misheni ya Mamboya na mtani wa Mwinshehe wa ukoo, kwa hiyo ulimi wake haukuwa na kizuizi. "Breki tunayoijua sisi ni ya lori la ushirika, nayo haishiki. Kitu kitakachoning'iniza injini juu ya vichwa vyetu ndicho mkiite breki?"

Wakabishana nusu saa. Mwishowe breki ikapita kwa sharti, na Mwinshehe akaandika kwa mwandiko wa masomo ya jioni: *brake which holds*, yaani breki inayoshika.

Mengine nayo yakapita, ikabaki namba kumi na saba tu, imelala peke yake kama maiti ya adui. Neno lilikuwepo, *linguet*, lakini mahali pa mchoro wake mende walikuwa wamekula karatasi. Shujaa akakigeuza kitabu juu chini.

"Tunasubiri, mtani," Paulina akamchokoza. "Au Madagaska ulikwenda kula tu?"

Watu wakacheka. Mwinshehe akafikiri kuandika spana, mambo yaishe. Nani angejua? Mkaguzi angejua. Winchi ingepanda treni, na mkewe, Mwanakheri, aliyekuwa njiani wakati ule ule na debe la mahindi kichwani, angeendelea kuwa njiani mwaka mzima. Hapo akafanya tendo ambalo majemadari wengi limewashinda.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti ikapungua ngurumo. "Kifaransa sikijui. Sikukijua Madagaska, sikijui leo. Miaka thelathini nimewadanganya."

Paulina akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mtani, nitakucheka mpaka nikuzike! Sasa leteni mkeka."

Wakatandika mkeka, wakapanga vipande vyote kama wageni wa harusi. Kila kipande kilichokwisha pewa jina kikaondolewa. Mwishoni kikabaki kimoja kisicho na mwenyewe: kijichuma chenye springi, kidogo kuliko kidole gumba.

"Huyu ndiye kumi na saba," akasema Paulina. "Hana jina kwa sababu majina yote yamekwisha."

Mwinshehe akakiokota, akakipachika kwenye mdomo wa kulabu. *Ta!* Mdomo ukafungwa, kamba isingeweza kuchomoka tena. Komeo! Maelfu ya milango ya mabehewa aliyoifunga kwa mikono yake ilikuwa na ndugu yake huyu! Akaandika: *safety latch*, komeo la usalama. Kura themanini na tano, Yeremia akapinga.

Wakaiunganisha winchi, na Alhamisi mkaguzi akafika. Ndugu Melkizedek alikuwa mtu mkavu mwenye miwani minene. Alisoma orodha kipande kwa kipande, akasimama kwenye breki, akaivuta mara tatu.

"Inashika kweli," akakubali kwa shingo upande. Akaendelea hadi mwisho, akavua miwani. "Hii ni kazi safi. Nani hapa anajua Kifaransa?"

Mwinshehe akafungua kinywa akiri mara ya pili. Hakupata nafasi. Mikono ilipanda nyuma yake kama msitu: wa Cleopa, wa Paulina, wa Mwanakheri, na wa Yeremia, ambaye siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, hakupinga.

Mkaguzi akatazama huku na huku, akatia saini.

Saa nane mchana injini ikapaa juu shubiri moja na nusu, ikavuka hatua tatu, ikakaa juu ya saruji. Na kwenye muhtasari wa mkutano, kwa amri ya Mwenyekiti, likaandikwa tangazo hili kwa vizazi vijavyo: Ufaransa imeshindwa, Uingereza imeshuhudia, kijiji kinasaga.