Siri ya Himalaya Iliyotoka Ibra

Dunia ilipofungiwa ndani, Yaqoub bin Thani wa mji wa Ibra alijifungia na simu yake. Humo aliona wakubwa wa Ulaya wakiacha kupeana mikono na kuunganisha viganja kifuani mithili ya Wahindi. Aliona mabibi wa Amerika wamekunja miguu sakafuni, wakivuta pumzi kwa tundu moja la pua, kisha wakinywa maziwa ya manjano waliyoyanunua kwa bei ya manukato. Wahindi, waliofanya hayo karne nenda karne rudi bila ya kumwomba mtu ruhusa, hatimaye walikuwa wamegunduliwa.

Yaqoub alikuwa mtu wa huruma. Kuona watu wengi namna ile wanataka kudanganywa, na hakuna wa kuwadanganya hapa Ibra, kulimuuma sana.

Mali yake yote duniani ilikuwa pikapu moja nyeupe, aliyoiosha kila asubuhi kabla hajaosha uso. Aliipakia magunia ya manjano, akayachanganya na unga wa dengu mpaka dengu zikazidi, akatia katika pakiti zenye picha ya guru wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe. Guru huyo alikuwa ami yake Sinan wa Samad, aliyepigwa picha akisinzia baada ya chakula cha mchana. Chini yake paliandikwa: "Siri ya Himalaya. Hufukuza Korona."

Palikuwa na vikwazo viwili. Wateja wake ni wanawake, na soko lao la Jumatano, lililokuwa limefunguliwa tena, mwanamume haingii. Halafu wapo wakaguzi wa serikali, ambao neno "hufukuza" huwakosesha usingizi. Yaqoub aliona jawabu moja tu la yote mawili: Bi Mahbouba, jirani yake mjane, mzaliwa wa Unguja, mpole, na kwa hesabu za Yaqoub, hajui kusoma.

"Shikamoo, Bi Mahbouba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama huko, nina ukoma?"

Yaqoub akaunganisha viganja, akainama. "Ndiyo salamu ya siku hizi. Dunia nzima imehamia kwa Wahindi."

"Siye Unguja tulikaa nao mlango kwa mlango. Hakuna aliyetusifu." Akaifungua pakiti, akanusa. "Manjano mbona ninayo jikoni."

"Ya jikoni hayana guru, Bibi."

Bi Mahbouba akamtazama guru aliyesinzia. "Kweli," akasema. "Yangu hayana."

Yaqoub akampangia biashara kwa sauti ya mtoto mwema. Kila kitu kiandikwe jina lake yeye Bibi: liseni ya biashara, bidhaa, hata mulkiya, ile kadi ya gari, ili uzee wake uwe na heshima. Faida amletee Yaqoub amtunzie. Hakumwambia kwamba wakaguzi wakija, atakayechukuliwa ni bibi wa watu, na yeye atakuwa Nizwa kwa dada yake anakula halwa.

"Wallahi una moyo, Yaqoub," alisema Bi Mahbouba, akatia saini kila alipoonyeshwa.

Jumatano Bi Mahbouba aliendesha pikapu mwenyewe, barakoa usoni, akaingia sokoni. Yaqoub akabaki nje juani pamoja na waume za watu. Haikuchukua muda wanawake wakaanza kutoka wamejaza mikoba, na mmoja wao alikuwa Huwaida, binamu yake.

"Umejipatia dawa ya Korona?" Yaqoub alimuuliza, kwa fahari ya mwenye mali.

"Dawa gani? Hii singo. Manjano na dengu, ya kumsugulia bibi harusi. Binti yangu anaolewa, na harusi zimeruhusiwa, khalas."

Yaqoub akaichukua pakiti. Ami Sinan alikuwa bado amelala, ila chini yake palibandikwa karatasi mpya: "Singo ya Kihindi ya Bi Mahbouba. Manjano kidogo, dengu nyingi." Kwa mara ya kwanza bidhaa yake ilikuwa imesema kweli, na ilikuwa inagombaniwa. Alifurahi mno. Wakaguzi wasingekuwa na la kusema, na faida ilikuwa njiani.

Pikapu ilitoka tupu. Bi Mahbouba akashusha kioo.

"Hongera, Bibi. Nipe ufunguo, twende tukagawane."

"Ufunguo wa gari la nani?"

"Langu."

"Mulkiya ina jina langu, mwanangu. Liseni jina langu. Dengu zangu. Uliniandikia ili nikamatwe peke yangu. Ulidhani sisomi?"

"Bibi, mimi kama mwanao."

"Ndiyo maana sikukushitaki," alisema Bi Mahbouba, bila hasira. "Sasa nipishe. Nizwa kuna maharusi wananingoja."

Yaqoub alikwenda mbio kituo cha polisi, machozi yakimlengalenga, maana pikapu ile aliipenda kwelikweli. Askari kijana, Turki, akampa kiti.

"Gari limeibwa?"

"Limeibwa."

"Limeandikwa jina la nani?"

"La bibi mmoja."

"Ulimuuzia?"

"Hapana. Niliandika jina lake ili..." Aliiona sentensi ile inakokwenda, na mwisho wake kulikuwa na mlango wa chuma.

"Ili nini, ya akhi?"

"Ili aliendeshe."

"Na analiendesha?"

"Analiendesha."

Turki akaweka kalamu chini. "Basi tukusaidie nini?"

Yaqoub akainuka kitini.

"Teksi," alisema. "Hapa mtu anapata wapi teksi?"